Mjamzito Akisema, Asikilizwe

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wakunga, wauguzi na wazazi watarajiwa. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Wakunga wenzangu, ndugu wauguzi, mama zangu na dada zangu mnaotarajia, na ninyi akina baba mliowasindikiza wake zenu na mkaamua kuingia ndani badala ya kusubiri nje: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kuja.

Nimepewa mada ya magonjwa ya kuambukiza wakati wa ujauzito. Ningeweza kuwasomea orodha ndefu ya majina ya kutisha, mkatoka hapa mmejaa hofu na hamna la kufanya. Sitafanya hivyo. Nina jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu maambukizi yanayomdhuru mama na mtoto wake tumeyajua kwa sababu mama alisema na mtu akamsikiliza. Mama alisema. Mtu akamsikiliza. Pale ambapo mama alisema na hakuna aliyesikiliza, tulizika.

Kabla sijaanza kusimulia, tuelewane kuhusu mwili wenyewe. Mtaani husemwa kwamba mjamzito kinga yake imekufa. Haijafa. Imebadilika namna inavyofanya kazi, kwa sababu mwili umebeba kiumbe ambacho nusu yake imetoka kwa mtu mwingine, na lazima ukivumilie. Wakati huo huo moyo unafanya kazi zaidi, mahitaji ya hewa ya oksijeni yanapanda, na tumbo linalokua linayasukuma mapafu juu. Ndiyo maana mafua makali ambayo dada yako asiye na mimba anayamaliza kitandani kwa siku nne yanaweza kumfikisha mjamzito kwenye mashine ya kupumulia. Mwaka 2009, homa ya mafua ya H1N1 ilipoenea duniani, Marekani wajawazito walikuwa takriban asilimia 1 ya watu wote, lakini kati ya waliokufa kwa homa hiyo walikuwa takriban asilimia 5. Kwa hiyo mjamzito akiambiwa achanje chanjo ya mafua, asidhani anasumbuliwa. Chanjo hiyo ni salama katika mwezi wowote wa mimba.

Lakini kuna hatari ya aina nyingine, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Ni ugonjwa unaompitia mama kama upepo, halafu unamkuta mtoto.

Twendeni Sydney, Australia, mwaka 1941. Kulikuwa na daktari wa macho, Norman McAlister Gregg. Akaanza kuletewa watoto wachanga wenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili, wengi wao wakiwa na kasoro za moyo pia. Mtoto wa jicho tunamjua ni ugonjwa wa wazee. Hawa walikuwa na wiki chache tu duniani. Inasimuliwa kwamba akina mama waliokuwa wakisubiri kumwona walikuwa wakizungumza wao kwa wao, na katika mazungumzo yao likajitokeza jambo: wote waliugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Gregg angeweza kuyaita mazungumzo yale maneno ya kina mama. Hakuyaita hivyo. Akaanza kuuliza, akawaandikia madaktari wenzake nao waulize. Akakusanya watoto 78. Mama zao, isipokuwa 10 tu, walikumbuka kuugua rubela walipokuwa na mimba changa.

Rubela ni nini kwa mtu mzima? Homa kidogo, vipele, tezi za shingoni kuvimba, siku tatu imekwisha. Wengine hawaoni hata dalili moja. Lakini ikimpata mama ndani ya wiki 12 za mwanzo, hatari ya mtoto kudhurika inaweza kufika asilimia 90: macho, masikio, moyo, ubongo. Na je, dunia ilimwamini Gregg mara moja? Hapana. Wako waliosema ushahidi hautoshi. Kati ya mwaka 1964 na 1965 mlipuko wa rubela ukapita Marekani, na watoto wapatao 20,000 wakazaliwa na madhara yake. Elfu ishirini, katika nchi moja, katika mlipuko mmoja. Chanjo iliidhinishwa huko mwaka 1969, na mwaka 2015 bara zima la Amerika, kaskazini hadi kusini, lilitangazwa kuwa halina tena rubela inayosambaa humo.

Dada yangu ambaye hujashika mimba bado lakini unapanga, hapa nasema nawe. Chanjo ya rubela ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haitolewi ukiwa mjamzito. Inatolewa kabla, na baada ya kuchanjwa unasubiri mwezi mmoja ndipo utafute mtoto. Tetekuwanga ni hivyo hivyo. Hujui kama ulichanjwa utotoni? Uliza. Kadi imepotea? Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama una kinga. Ulinzi dhidi ya rubela unajengwa kabla ya mimba; mimba ikishaingia, chanjo hiyo itabidi ingoje mpaka ujifungue.

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, twendeni karibu na siku zetu. Mwaka 1947 wanasayansi waliokuwa wakifanya utafiti Uganda walikuta kirusi kipya kwa tumbili katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Kwa miaka mingi kirusi hicho kilihesabiwa kuwa si kitu. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili, na wanaoona hupata vipele, homa ndogo, macho mekundu. Basi. Nani angekiogopa?

Kisha ukafika mwaka 2015, katika jiji la Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil. Daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto, Vanessa van der Linden, alianza kuona watoto wachanga wenye vichwa vidogo kupita kiasi, na picha za ubongo wao hazikufanana na zile za magonjwa anayoyajua. Mama yake mzazi, naye daktari wa fani hiyo hiyo, akawa anawaona pia, wengi kwa siku moja. Unadhani walifanya nini? Waliwauliza akina mama. Na wengi wakajibu: ndiyo, nilitoka vipele mimba ilipokuwa changa, vikaisha, nikasahau. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Ugonjwa uliodhaniwa hauna maana kwa karibu miaka 70 uligeuka kuwa jambo la kutisha kwa wajawazito, na fununu ya kwanza ilikuwa katika kumbukumbu ya akina mama.

Ndiyo maana nawaambia wakunga wenzangu: tusimalize hudhurio la kliniki bila kuuliza, “Tangu tulipoonana mara ya mwisho, umepata homa? Umetoka vipele? Umekaa karibu na mtu mwenye vipele?” Maswali matatu. Na akijibu ndiyo, tuandike, tupime, tusimpe dawa ya maumivu na kumwambia aende nyumbani akapumzike. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga na amekaa chumba kimoja na mgonjwa wa tetekuwanga anatakiwa kufika hospitali mapema, kabla vipele havijatoka, kwa sababu kuna kingamwili anazoweza kuchomwa, na zinafaa zaidi zikiwahi.

Sasa nije kwenye ugonjwa ambao watu huinamisha kichwa nikiutaja. Kaswende.

Mbona mmenyamaza?

Nasema kwa sauti, kwa sababu kunyamaza ndiko kunakoua hapa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2016 peke yake watoto wapatao 661,000 walipata kaswende kutoka kwa mama zao wakiwa tumboni, na zaidi ya 200,000 kati yao walizaliwa wafu au walikufa wakiwa wachanga. Nanyi mjue tunazungumzia ugonjwa ambao kipimo chake ni tone la damu la kidoleni, majibu yanatoka mama akiwa bado amekaa kwenye benchi, na tiba yake ni sindano ya penisilini, dawa iliyoanza kuutibu miaka ya 1940. Tunakosa nini? Hatukosi dawa ya kisasa. Tunakosa mama kufika mapema na kupimwa siku ile ile ya kwanza. Na msidhani ni tatizo la nchi maskini. Marekani, yenye maabara kila kona, watoto waliozaliwa na kaswende waliongezeka karibu mara 11 kutoka mwaka 2012 hadi 2022, wakapita 3,700 kwa mwaka mmoja.

Nimewaona mama wa namna hii, na wakunga wengi hapa wamewaona. Anakuja na mimba ya tatu. Ya kwanza ilitoka. Ya pili mtoto alizaliwa amekufa, na ndugu wakasema amerogwa, au wakasema ana tumbo baya. Hajawahi kuumwa. Hana kidonda, hana homa, anafanya kazi zake zote. Anapimwa kaswende, inakutwa. Anachomwa sindano, mtoto wa tatu analia chumba cha kujifungulia mpaka korido nzima inasikia. Miaka yote ile ya kulaumiwa! Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, na kwa mwanamke mara nyingi kimejificha ndani asipoweza kukiona. Angejuaje?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa kaswende neno hilo lichukueni kama lilivyo. Sindano inatakiwa ichomwe angalau siku 30 kabla ya kujifungua ili mtoto ahesabiwe ametibiwa tumboni, kwa hiyo mwezi wa tisa ni kuchelewa. Na baba, usikimbize macho, nakutazama wewe: akitibiwa mama peke yake na wewe usitibiwe, unamrudishia ugonjwa wiki ijayo. Mwanamume anayekwenda kupimwa pamoja na mkewe simwiti mstaarabu, namwita baba.

Hapo hapo, kwenye damu ile ile, tunapima VVU na homa ya ini aina ya B. Kuhusu VVU naomba nisikilizwe vizuri, maana bado wapo wanaoamini kwamba mama mwenye virusi hana haki ya kuzaa. Bila tiba yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Mama akitumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo, unashuka chini ya asilimia 5. Mwaka 2015 Cuba ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imekomesha maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kama tatizo la afya ya jamii. Haikuwa na dawa ya siri. Ilimpima kila mama, mapema, na kumtibu. Na homa ya ini B: mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kwanza. Mtoto anayeipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu asilimia 90 kubaki nayo maisha yake yote. Saa 24, wauguzi. Isiwe “akija kliniki ya kwanza”.

Kwa wanaoishi penye malaria, ujanja wa vimelea vya malaria kwa mjamzito ni huu: vinajibanza kwenye kondo la nyuma. Unaweza kumtoboa mama kidole usione kitu, naye hana homa, kumbe kondo limejaa vimelea na mtoto ananyimwa chakula chake. Anayeumia zaidi ni mama wa mimba ya kwanza, kwa sababu mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya kwenye kondo. Kwa hiyo zile dozi za SP, vidonge vya kuzuia malaria mnavyopewa kliniki, si za wagonjwa. Zinaanza wiki ya 13, zinaachana kwa mwezi, zisipungue tatu mpaka kujifungua, na mmeze mbele ya muuguzi, zisiishie kwenye mkoba. Mama anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi mengine, kwa sababu ya VVU hamezi SP, analala kwenye chandarua chenye dawa na kufuatiliwa kwa karibu. Na ukiugua malaria miezi mitatu ya mwanzo, usikae ukiogopa dawa: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa mseto ya artemether na lumefantrine hata katika kipindi hicho. Malaria yenyewe ndiyo ya kuogopa.

Kuna swali huulizwa sana: nile nini, niache nini? Nitajibu kwa kisa cha Afrika Kusini. Katikati ya mwaka 2017, madaktari wa wodi za watoto wachanga waligundua kwamba watoto wenye listeria wanaongezeka isivyo kawaida, wakatoa taarifa kwa taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza. Listeria ni bakteria anayeishi kwenye chakula, na tofauti na wengine wengi, anaendelea kuzaliana hata ndani ya friji. Mama anapata homa na uchovu, anadhani ni mafua, kumbe bakteria amevuka kondo. Tena dalili zinaweza kuchelewa wiki nyingi tangu siku aliyokula. Sasa wewe unakumbuka ulichokula mwezi uliopita? Watafiti walikaa na wagonjwa wakiwauliza hivyo hivyo, mmoja mmoja, na nyama za kusindikwa, hasa poloni, aina ya soseji nene, zikatajwa tena na tena. Januari 2018 watoto wa kituo kimoja cha kulelea watoto Soweto wakaugua tumbo. Poloni iliyokuwa kituoni ikapimwa, na njia ikawapeleka mpaka kiwandani. Mwezi Machi chanzo kikatangazwa. Mpaka hapo mlipuko ulipokwisha walikuwa wameugua zaidi ya watu 1,000 na kufa zaidi ya 200, na karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wajawazito na watoto wachanga.

Kwa hiyo jibu langu ni fupi: maziwa yachemshwe, nyama iive mpaka ndani, mboga na matunda vioshwe vizuri, na nyama za kusindikwa zipashwe moto mpaka zitoe mvuke. Ukifanya hivyo umejikinga pia na toksoplasma, kimelea kinachotoka kwenye nyama mbichi na kinyesi cha paka. Bustani na kinyesi cha paka mwachie mtu mwingine, na ikishindikana vaa glovu. Na wewe mwenye mtoto mdogo nyumbani, usimalizie chakula kwenye kijiko chake, na nawa mikono kila umbadilishapo nepi. Mate na mkojo wa watoto wadogo hubeba kirusi cha saitomegalo, ambacho ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya watoto kuzaliwa au kukua viziwi.

Nimebakiza kisa kimoja, nacho nakielekeza kwetu sisi tunaovaa sare.

Vienna, miaka ya 1840. Hospitali kuu ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari, kati ya kila wanawake 100 waliojifungua walikufa zaidi ya 11, kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga walikufa chini ya 3. Wanawake walijua! Walipiga magoti, wakalia, wakaomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Wengine walijifungulia njiani wakielekea hospitali, na hao wa njiani walikufa mara chache kuliko waliofika mikononi mwa madaktari. Waliambiwa wana woga. Mpaka daktari Ignaz Semmelweis alipotambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kumpima mama. Mwezi Mei 1847 akaagiza kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 vifo vya wodi ile vilikuwa karibu 1 katika kila wanawake 100.

Wenzangu, mama akikwambia, “Nesi, badilisha glovu,” usikunje uso. Badilisha. Akikwambia baada ya kujifungua, “Sijisikii vizuri,” usimwambie ndivyo uzazi ulivyo. Mpime joto, mpime mapigo, mguse tumbo, angalia damu inayotoka kama inanuka. Maambukizi kwenye damu yanatembea haraka kwa mzazi, na saa chache za kumwambia avumilie zinatosha kumpoteza.

Nanyi mlioko nyumbani naye, haya yashikeni kabla hatujaingia kwenye maswali. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, iwe mimba ina wiki 6 au amejifungua wiki iliyopita. Maumivu anapokojoa yaliyoungana na homa na maumivu ya kiuno. Maji yaliyopasuka bila uchungu kuanza. Uchafu unaonuka. Mtoto aliyepunguza kucheza. Pumzi inayopanda na kushuka kwa shida. Kuchanganyikiwa, kutetemeka, baridi kali. Lolote kati ya hayo likitokea usiku, muondoke usiku huo huo, na mkifika msiseme tu “anaumwa”. Semeni ni mjamzito wa wiki ngapi au amejifungua lini, homa ilianza saa ngapi, na amekula dawa gani.

Asanteni. Nianze na swali la yule mama wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kaswende.